Kabla ya Kupanda Juu ya Paa: Gharama za Umeme katika Nyumba za Kupanga za Dar es Salaam

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na ofisi yetu mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili. Tunayachapisha yote kwa kuwa wajumbe wengi waliomba kupata hesabu hizi kwa maandishi.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya umeme wa jua katika nyumba za mjini. Ombi hili limetufikia kutoka pande mbili. Kamati za parokia zinatuambia kwamba wanajumuiya wanalia na LUKU, na kwamba fedha ya umeme inagombea mfuko mmoja na fedha ya unga na nauli. Wafadhili nao wanatuambia wako tayari kununua paneli, kwa sababu jua la Dar es Salaam halina bili wala foleni. Tunawashukuru wote. Lakini kabla hatujaweka ngazi ukutani na kupanda juu ya paa, tunaomba tuingie kwanza ndani ya nyumba, tusimame kwenye korido na kuitazama ile mita.

Kwa agizo la EWURA la mwaka 2016, wateja wa majumbani wamewekwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza, linaloitwa D1, ni la wale wanaotumia umeme kidogo, yaani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao walipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na uniti za ziada juu ya 75 zikapangiwa shilingi 350. Kundi la pili ni T1, la matumizi ya kawaida, pamoja na maduka madogo, ofisi na taasisi nyingi kama zetu. Kundi hilo lilipangiwa shilingi 292 kwa uniti. Juu ya bei hizo huongezwa VAT, tozo ya REA na tozo ya EWURA, kwa hiyo kwenye risiti utakuta kiasi kimezidi. Leo tutatumia bei kabla ya kodi na tozo ili hesabu iwe nyepesi. Bei ikibadilishwa, badilisheni namba. Njia ya kuhesabu ni ile ile.

Nia ya D1 ni nzuri: mwenye balbu mbili na redio asilipe sawa na mwenye kiyoyozi. Swali letu ni nani hasa anaifaidi bei hiyo ya shilingi 100 katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3.

Twendeni Manzese, Buguruni, Vingunguti au Mbagala, kwenye nyumba ya kawaida yenye vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Kila chumba kina familia yake. Tuseme kila chumba kina balbu mbili za wati 9 zinazowaka saa tano, televisheni ya wati 50 kwa saa tano, feni ya wati 50 kwa saa nane usiku, na simu za kuchaji. Jumlisheni: ni kama uniti 0.76 kwa siku, sawa na uniti 23 kwa mwezi. Familia hiyo ni mtumiaji mdogo kabisa. Haifikii hata theluthi moja ya zile uniti 75. Kwa bei ya D1 ingelipa shilingi 2,300 kwa mwezi.

Lakini mita haihesabu familia. Nyumba ina mita moja, na mita hiyo inaona vyumba sita vikitumia uniti 138, hivyo inawekwa kundi la T1. Kila familia inalipa uniti zake 23 kwa shilingi 292, yaani shilingi 6,716. Tofauti ni shilingi 4,416 kila mwezi kwa kila chumba, na mtu hajawasha kitu chochote cha anasa. Maskini sita wamewekwa pamoja wakahesabiwa kuwa tajiri mmoja.

Tunakaa hapa kwa muda kidogo kwa sababu ndipo mzigo ulipo. Anayeishi peke yake katika nyumba ndogo yenye mita yake, hata kama ana mshahara mzuri, anaweza kubaki ndani ya uniti 75. Mama anayeuza vitumbua na kulala chumba kimoja na wanawe wanne hawezi, kwa sababu amepanga nyumba yenye watu wengi. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Bei imepangwa kwa mita, na maskini wa mjini hana mita.

Zaidi ya bei kuna ugomvi. Wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo mnaoitwa kusuluhisha mnaufahamu kuliko sisi. Mwenye friji anaambiwa alipe mara mbili. Yeye anajibu kwamba friji yake ni ndogo na feni ya jirani inazunguka mpaka mchana. Kijana anayerudi saa tano usiku anadaiwa sawa na wanaoshinda nyumbani. Pasi inapigwa marufuku, na siku ya Jumamosi jioni mtu anapiga pasi akiwa amefunga mlango. Umeme unakatika saa tatu usiku, kila mtu anamsubiri mwenzake anunue, na nyumba nzima inalala gizani kwa sababu ya shilingi elfu mbili. Pengine baba mwenye nyumba hukusanya kiwango kimoja kwa kila kifaa, na hakuna mpangaji anayejua kiasi gani kimekwenda LUKU na kiasi gani kimebaki mfukoni.

Kuna na kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme tarehe za mwanzo wa mwezi ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Si fedha nyingi, ila inatosha kumfanya kila mtu angoje mwenzake atangulie.

Wengine wamefunga mita ndogo ndani, kila chumba na yake, zile zinazouzwa madukani Kariakoo. Zinasaidia kugawana kwa haki, na tunawapongeza waliofanya hivyo. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mita ndogo ya ndani inaonyesha nani ametumia nini. Haibadilishi bei, kwa sababu TANESCO haiitambui. Mita kubwa ya nje bado iko T1, na kila uniti inayopita humo ni shilingi 292.

Sasa tupande juu ya paa.

Dar es Salaam hupata jua lenye nguvu kamili la kama saa nne na nusu kwa siku kwa wastani wa mwaka. Paneli ya wati 100, baada ya kutoa kinachopotea kwenye nyaya, joto na betri, itampa mwenye nyumba kama uniti 0.4 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 12. Tunaomba muishike namba hiyo, kwa sababu wauzaji wengi huitaja paneli kwa wati na hawaitaji kamwe kwa uniti. Uniti 12 kwa bei ya T1 ni shilingi 3,504. Kwa bei ya D1 ni shilingi 1,200.

Tuseme paneli hiyo pamoja na betri, kidhibiti chaji, nyaya, balbu na ufundi imegharimu shilingi 600,000. Ninyi wekeni bei mtakayopewa dukani. Kwa familia inayolipa bei ya T1, fedha hiyo itarudi baada ya miezi 171, yaani miaka 14. Kwa familia iliyo D1 itarudi baada ya miezi 500, na mtoto aliyezaliwa siku ya kufunga paneli atakuwa na umri wa miaka 41. Katikati ya muda huo betri lazima inunuliwe tena. Betri za risasi na tindikali, zikitumiwa vizuri, hukaa miaka mitatu hadi mitano. Zikimalizwa chaji kila usiku, hazifiki huko. Betri za lithiamu hudumu zaidi, na bei yake iko juu zaidi.

Kwa hiyo, ndugu wafadhili, tunasema kwa heshima na bila kuzunguka: kumfungia paneli mpangaji wa mjini ambaye tayari ana umeme wa TANESCO, kwa lengo la kumpunguzia gharama, ni njia ya bei mbaya. Na hatujataja bado kwamba paa si lake. Akihama, na wapangaji wa jiji hili huhama, ataiacha paneli juu ya bati la mtu au atagombana nalo. Mwenye nyumba naye akiona paneli juu ya paa lake anaweza kuona sababu ya kupandisha kodi.

Vijijini habari ni nyingine, na wengi wetu tumejifunza sola kutokea huko. Mahali ambapo nguzo haijafika, paneli haishindani na uniti ya shilingi 100. Inashindana na kibatari. Wazee mnakumbuka mwaka 2011 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli: wachakachuaji walibanwa, na mwenye kibatari akabanwa nao. Mtu wa namna hiyo akipata taa ya sola anaona nafuu wiki ile ile, na macho ya watoto yanapona moshi. Hata kwenye viunga vya Dar es Salaam wapo waliojenga mbali kabla ya nguzo kufika. Hao wapewe sola bila kusitasita. Kosa ni kuchukua jibu la kijijini na kulipeleka kwenye swali la Manzese.

Je, mjini sola haina kazi? Inayo, na mahali pengine ina kazi kubwa kuliko tunavyoitumia.

Kazi ya kwanza ni pale ambapo umeme ukikatika kitu kinaharibika au kazi inasimama. Tumeishi na mgao: mwaka 2006 ukame ulipokausha Mtera, tena mwaka 2011, tena mwishoni mwa mwaka 2022, na tena kuanzia mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Miaka mingi tulitegemea mvua za nyanda za juu kujaza mabwawa yetu. Gesi ya Songo Songo ilipoanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, kisha mitambo ya Kinyerezi ikaongezwa, tulipumua kiasi. Halafu mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha. Bwawa hilo lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Hiyo ni hatua kubwa sana, na anayetaka kuibeza akumbuke tulikotoka. Hata hivyo umeme unaweza kuwepo Rufiji na usifike Mbagala. Transfoma ya mtaa ikizidiwa, au tawi la mwembe likiangukia waya, bwawa lililojaa halimsaidii nesi wa zahanati. Kwa zahanati yenye friji ya chanjo na chumba cha kujifungulia, hatuhesabu shilingi 292 kwa uniti. Tunahesabu dozi zilizomwagwa na mama aliyejifungua kwa mwanga wa simu. Hapo paneli na betri ni halali yake, na tutawaunga mkono kila mtakapoandika maombi ya namna hiyo.

Kazi ya pili ni maji. Parokia nyingi za jiji zina kisima kirefu na pampu. Pampu ya nguvu farasi moja hula kama wati 750. Ikifanya kazi saa tano kwa siku ni uniti 3.75, kwa mwezi ni zaidi ya 112, na kwa bei ya T1 ni shilingi 32,850 kabla ya kodi. Pampu ya sola haihitaji betri. Jua likiwaka inavuta, likizama inalala, na akiba inakaa kwenye tanki la maji juu ya mnara. Tanki la plastiki halifi baada ya miaka minne kama betri. Ukiondoa betri, umeondoa kitu kinachokula fedha kuliko vyote katika mtambo wa sola wa kawaida. Ofisi za parokia, shule na vyuo vya ushonaji navyo vina bahati hiyo hiyo: umeme wao mwingi huliwa mchana, wakati paneli zinazalisha. Nyumba ya kulala watu ni kinyume chake. Mchana wamo kazini, usiku ndipo wanawasha.

Kwa wale watakaonunua, tunaomba mwende dukani na futi kamba. Jua la adhuhuri huleta kama wati 1,000 kwenye eneo la mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Pimeni urefu na upana wa paneli kwa mita, zidisheni, kisha zidisheni kwa 200. Jibu ni wati inazoweza kutoa, au karibu yake. Paneli iliyoandikwa wati 100 nyuma yake inapaswa kuwa na ukubwa wa kama nusu mita ya mraba. Ikiwa ndogo kama sinia la chai, maandishi yamezidi paneli. Na kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini ya ikweta kidogo, paneli itazame kaskazini na kuinamishwa kidogo tu, nyuzi kama kumi, ili mvua iisafishe vumbi. Kivuli cha mnazi au cha ghorofa la jirani kikiangukia kona moja tu, mazao yanashuka mno.

Turudi kwenye korido.

Ile nyumba ya vyumba sita ikipata mita ya pili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kila mita itaona uniti 69. Zote mbili ziko chini ya 75. Endapo ofisi ya TANESCO ya eneo hilo itazikubali mita zote mbili katika kundi la D1, uniti 138 za nyumba nzima zitashuka kutoka shilingi 292 hadi 100. Ni nafuu ya shilingi 26,496 kila mwezi. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mijini ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo. Gawanyeni: fedha ya mita inarudi kwa mwaka mmoja na siku chache. Kuna gharama ya kutenganisha nyaya za ndani, ambayo inategemea hali ya nyumba, nayo itasogeza muda huo mbele. Hata ukisogea ukawa miaka miwili, linganisheni na miaka 14 ya paneli.

Tunaomba pia mtazame jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wengi wakisikia nishati safi hufikiria mtungi wa gesi tu. Lakini sufuria ya presha ya umeme, ile inayojifunga na kujizima, hupika nusu kilo ya maharage kwa kama uniti 0.4. Kwa D1 ni shilingi 40. Kwa T1 ni shilingi 117. Na hata kwa T1, nani kati yenu amenunua hivi karibuni mkaa wa kuivisha maharage kwa shilingi 117? Mkaa unaonunuliwa kwa kopo ndio nishati ya ghali kuliko zote katika nyumba hizi, na kina mama ndio wanaovuta moshi wake.

Kwa nini basi sufuria hizo hazimo? Waulizeni wapangaji. Katika nyumba za mita moja, kupika kwa umeme ni mwiko. Ukiwasha kitu cha wati 1,000, hata kwa dakika 20, jirani ataona namba zinakimbia na mkutano utaitishwa uani. Watu hawakatazwi na bei ya umeme. Wanakatazwa na jinsi mita ilivyowekwa. Kwa sababu hiyo tunaona mita ya pili ina faida zaidi ya zile shilingi elfu nne na mia nne kwa chumba. Familia tatu zinaweza kuelewana mambo ambayo familia sita haziwezi. Tahadhari ni moja: uniti 69 ziko karibu sana na 75. Vyumba vitatu vikianza kupika kila siku vitavuka, na za ziada ni shilingi 350. Uniti kumi za ziada kwa mwezi ni shilingi 3,500, bado chini ya mkaa, lakini ikizoeleka mita inaweza kuhamishiwa T1. Nyumba yenye friji inayokula uniti 30 au zaidi kwa mwezi inahitaji kupangwa kwa makini zaidi, pengine mwenye friji awe na wenzake wawili wasio na feni, au nyumba ifikirie mita tatu.

Pendekezo letu kwa wafadhili ni hili. Sehemu ya fedha mliyotaka kununulia paneli za majumbani iwe mfuko wa mkopo unaozunguka, usimamiwe na VICOBA au SACCOS iliyopo tayari parokiani, tusiunde chombo kipya. Mkopo ni gharama ya mita ya pili. Ukirejeshwa kwa miezi 12 ni shilingi 26,747 kwa mwezi, sawa na shilingi 4,458 kwa chumba. Mpangaji anaokoa 4,416. Anaendelea kutoa karibu kile kile alichokuwa anatoa, na baada ya mwaka mzigo umekwisha, na fedha imekwenda nyumba nyingine.

Ugumu hauko kwenye hesabu. Uko kwa mwenye nyumba. Maombi ya mita ni yake, kwa kuwa jengo ni lake, na mpangaji hawezi kuomba juu ya nyumba ya mtu. Akikubali, nyumba yake imepanda thamani kwa fedha ya wapangaji, na tunajua kitakachofuata: mwezi wa saba kodi imepanda, waliolipa mkopo wanahama, wapya wanaingia kufaidi. Kwa hiyo mkopo usitolewe mpaka yawepo makubaliano ya maandishi, yenye sahihi ya mwenye nyumba na wapangaji, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwamba kodi haitapandishwa kwa miaka miwili kwa sababu ya mita, na kwamba anayehama kabla ya mkopo kwisha salio lake linabaki kwa chumba, yaani kwa anayeingia. Baadhi ya wenye nyumba watakataa. Wapo pia wajane wenye nyumba ambao kodi ya vyumba vinne ndiyo mkate wao wote, na wao wanastahili kusikilizwa kama wapangaji. Msiwaendee kama washtakiwa.

Kazi ya nyaya ifanywe na mkandarasi aliyesajiliwa na EWURA. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari, lakini nyumba hizi zina nyaya za miaka thelathini zilizounganishwa kwa selotepu, na moto ukitokea saa nane usiku katika korido yenye mlango mmoja hatutakuwa na la kusema. Mkandarasi ahakikishe nyaya za pande mbili zimetengana kabisa. Waya mmoja uliosahaulika utaifanya mita moja ilishe vyumba vinne, na ugomvi utaanza upya. Hakikisheni pia mita ya pili haikatwi kodi ya jengo lile lile mara ya pili. Ikikatwa, mwenye nyumba apeleke taarifa mapema.

Na wakati hayo yote yanasubiriwa, balbu za njano za wati 60 zilizobaki zitolewe. Balbu moja ya namna hiyo ikiwaka saa tano hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifikii uniti moja na nusu. Hilo halihitaji mfadhili.

Tunachoomba kwa kila kamati, kabla ya kikao cha robo ijayo, ni orodha fupi. Chagueni nyumba kumi za kupanga katika eneo la parokia, za waumini na zisizo za waumini, bila kuchagua. Andikeni vyumba vingapi, familia ngapi, mita ngapi, nani ana friji, nani anapikia nini. Kisha uniti zilizonunuliwa kwa miezi mitatu. Risiti za karatasi hupotea, lakini kila aliyenunua LUKU kwa simu ana ujumbe wenye tarehe, uniti na kiasi. Waambieni wanajumuiya Jumapili hii wasizifute.